Meza ya Mninga Iliyoliliwa Njiani

Tangu nirudi, kila anayeingia karakana ana swali moja, na kila mmoja ameshasikia habari kwa mwingine kwa namna yake. Yupo aliyeambiwa nilikamatwa na makaa ya mawe. Yupo aliyeambiwa nilizikwa. Basi nimeona niandike mara moja, asomaye asome, na atakayeongeza chumvi ajue amekuta chakula kimeshakolea.

Wengi wenu mnajua kilichokuwepo kati yangu na binti yangu Imelda. Kwa asiyejua: miaka minne iliyopita aliolewa Liuli na kijana wa Kinyasa, Stefano, fundi wa injini za boti. Ndoa ilifungwa kanisani kwao, Anglikana. Mimi, Mmatengo na Mkatoliki wa benchi la mbele, nikasema siendi. Mke wangu alikwenda. Mimi nilibaki Mbinga nikipiga randa ubao ambao haukuhitaji randa. Kuanzia hapo Imelda akipiga simu huongea na mama yake hata nusu saa, kisha husema, "Msalimie baba." Hiyo ndiyo iliyokuwa haki yangu yote.

Mwaka huu akajifungua mtoto wa kike, wa kwanza. Ubatizo ukapangwa Jumapili. Sikualikwa, wala sikukatazwa. Nikaamua kutengeneza meza. Msiniulize kwa nini meza. Mtu hutubu kwa kazi anayoiweza.

Fremu niliitoa kwenye mninga uliokaa darini miaka ukikauka taratibu, ule mwekundu wenye mistari ya dhahabu. Miguu nikaifanya ya mkongo, kwa sababu nyumba ya ziwani ina unyevu na mkongo haujali. Juu sikuweka ubao. Niliweka mawe ya bapa, yale meusi na ya kijivu yanayochanika kama kurasa za kitabu, masalia aliyoniachia fundi mmoja aliyekuwa akitandika kibaraza. Nikayakata vipande vidogovidogo, mia tatu na kumi na mbili, nikavipanga vikawa samaki mkubwa anayeivuka meza kutoka pembe hadi pembe, jicho lake la mpingo. Nilijiona nimefika. Mke wangu alikuja na kikombe cha chai, akasimama, akainamisha kichwa upande huu na upande ule, akauliza kama ni samaki au ni kiatu.

Mawe sikuyagandisha, maana barabara ingeyapasua. Kila kipande nilikiandika namba kwa chaki, nikavitia vyote kwenye gunia ili nivipange hukohuko. Nilimwomba mke wangu twende pamoja. Akasema kahawa iko kwenye vichanja haiwezi kuachwa, na hata isingekuwepo asingekuja. "Mimi nilishakwenda," akasema. "Nenda ukaseme mwenyewe. Usiiachie meza ikusemee."

Mbinga hadi Ngaka

Basi la Mbamba Bay liliikataa meza. Utingo aliitazama mara moja tu, akafunga buti. Ndipo nikampata Kasiani, Mngoni mwenye lori, aliyekuwa akipeleka saruji Lituhi. Njia yake inazunguka kupitia Ngaka na kushuka ziwani kwa upande wa kaskazini, na mtu wa kwenda Liuli hana sababu ya kupita huko labda awe amepotea. Au awe na meza.

Meza niliizungushia mkeka isikwaruzwe, juu ya mkeka nikafunga shuka nyeupe, na miguu nikailaza chini yake. Kamba ya manila ikakaza yote. Alhamisi asubuhi tukaondoka.

Mnaujua utani wa Wangoni. Tulikuwa hatujaimaliza lami Kasiani alipoanza. Aliniuliza gunia lina nini, nikamwambia mawe. Akanitazama kama mtu aliyepewa zawadi asiyoitarajia. Kisha akaniambia kwamba babu zake walipokuja, babu zangu walikimbilia milimani wakajificha mapangoni, na kwamba yeye siku zote alikuwa akijiuliza walikula nini humo. Sasa amejua. Nikamjibu kwamba tulipanda juu kukwepa kelele zao, na tulipofika tukakuta kahawa, wao waliobaki chini wamekuta nini? Akacheka hadi lori likayumba. Tulikunywa chai na viazi vitamu vya kuchemsha Kigonsera, na alilipa yeye, akisema ni fidia ya vita.

Ngaka

Ngaka kila kitu ni cheusi: barabara, majani, hata kuku. Malori ya makaa yalikuwa kwenye foleni ndefu, na sisi tukaingia katikati yake. Kwenye kizuizi alikuja mlinzi mmoja wa makamo mwenye miwani, mtu mpole tu, akapanda nyuma kukagua. Akaligusa gunia. Akalifungua. Akatoa kipande kimoja cheusi, akakigeuza juani.

"Mzee, haya ni nini?"

Nikamjibu kwa haraka na kwa kweli yote: "Ni samaki."

Hapo nilikosea. Nilijaribu kueleza kwamba si samaki sasa, atakuwa samaki akifika Liuli, na maelezo hayo hayakusaidia. Kasiani, niliyemtegemea, alikunja mikono akasema kwamba yeye ni dereva tu, mzee huyu amemkuta njiani.

Mlinzi akamwaga gunia lote juu ya turubai. Vipande mia tatu na kumi na mbili vikasuguana, namba zangu za chaki zikatoka kama unga. Nilizitazama zikitoka. Aliniambia kwa heshima kabisa kwamba hanituhumu wizi wa makaa, ila hana budi kuhakikisha, na njia ya kuhakikisha ni moja. Akachukua konzi ya vipande, akaenda nayo kwa mama ntilie aliyekuwa ng'ambo ya barabara, akavitia motoni chini ya sufuria ya maharage.

Tukasimama watatu tukiangalia. Mama ntilie alikuwa wa nne, na ndiye pekee aliyeuliza swali la maana, yaani kama tumemwomba ruhusa. Kwa dakika chache hakikutokea kitu. Kisha mawe yakaanza kulia, pa, pa, yakiruka vipandevipande, jivu likapanda hadi kwenye maharage. Mlinzi akavua miwani, akaifuta. "Hayawaki," akasema.

Aliniomba radhi vizuri, akapiga magoti pamoja nami kuokota. Maharage yale yalitubidi tuyale sisi, maana mama ntilie alisema hana mteja mwingine wa kumpa. Hayakuwa mabaya. Yalikuwa na mchanga kidogo.

Tulipohesabu, vipande saba havikuwepo. Hayo tisa. La kumi: wakati wote huo simu yangu ilikuwa ikimpigia Kasiani nyimbo za kwaya, na sasa chaji ilikuwa imeisha, imezima kabisa.

Lituhi hadi Ngumbo

Tulilala Lituhi kwa ndugu yake Kasiani, umeme umekatika, simu haikuchajiwa. Asubuhi Kasiani akashusha saruji, akanishusha na mimi, akaniaga kwa maneno ambayo sitayaandika. Nilipata pikapu inayoelekea Liuli. Dereva wake alikuwa mtu asiyecheka wala kuongea, mwenye uso mrefu kama wa siku ya Ijumaa Kuu, lakini mkarimu. Meza ilizidi urefu wa pikapu yake, ikachomoza nyuma. Akakata matawi mabichi ya mti, akayafunga pale nyuma ili wenye magari waone. Kwa kuwa alikuwa mtu wa kukamilisha, akafunga na mbele.

Mimi nikapanda nyuma, nikakaa kando ya meza yangu, mkono juu ya shuka ili isicheze.

Nilikuwa nimevaa koti langu jeusi. Joto la ziwani halitaki koti, lakini lilikuwa koti la ubatizo na sikutaka likunjamane kwenye begi.

Kuanzia hapo niliona jambo la ajabu. Watu wa mwambao walikuwa wakiona gari letu wanasimama kando ya njia. Wanaume wanavua kofia. Mwenye baiskeli anashuka. Nikajisemea moyoni kwamba watu hawa wana adabu kuliko tunavyowasema huku juu, na nikawa nawapungia kila mmoja.

Ngumbo tairi likapata pancha. Dereva akaenda kutafuta pampu, nami nikabaki. Haikuchukua muda wakaja akina mama watano au sita, kanga mabegani, wakanikalia karibu. Mkubwa wao nikamwamkia, naye akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Poleni sana, baba."

Nikamjibu tumeshapoa, ila safari ni ndefu. Mimi Kinyasa sikijui na wao Kimatengo hawakijui, kwa hiyo tuliongea Kiswahili cha taratibu na cha adabu, na pengine adabu ndiyo iliyotuponza. Akauliza tunatoka wapi. Mbinga. Tunaelekea kwa nani? Kwa Mama Blandina, Liuli, yule nesi mstaafu. Huyo ndiye mama yake Stefano. Akina mama wakatazamana. Wanamfahamu.

"Ni mkubwa au mdogo?" mama akauliza, akiutazama mzigo.

"Mkubwa," nikasema. "Tuliuinua watu wanne."

Akatikisa kichwa. "Na mmehangaika muda mrefu?"

"Miezi mitatu, mama. Mwishoni mgongo ulikataa kabisa."

Nilikuwa nazungumzia mgongo wangu mimi. Akina mama wakaguna kwa huruma, mmoja akafuta macho kwa pindo la kanga. Wakaniletea ugali wa muhogo na dagaa wabichi waliochemshwa na nyanya, nikala nikashiba, nikawaambia wazi kwamba huko kwetu mgeni mwenye mzigo hapewi heshima kama hii. Wakati naongea nilimwona mtu wa bodaboda akiitwa pembeni, akanong'onezwa, akawasha pikipiki kuelekea kusini. Sikulitia maanani. Dereva aliporudi, kwa pampu ya tatu aliyoazima, mbili za kwanza zikiwa mbovu, kina mama walisimama wakatuimbia wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini hadi tukapinda kona. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Liuli

Tulipoingia Liuli nilijua kuna msiba kwa mtu. Kulikuwa na turubai limefungwa kwenye ua wa nyumba moja, wanaume kwenye mabenchi, sufuria kubwa jikoni nje. Nikamgongea dereva kioo nimwambie apunguze mwendo kwa heshima. Akapunguza. Kisha akakata kona, akaingia kwenye ua uleule.

Wanaume mabenchini wakasimama. Kutoka ndani ya nyumba akaja mwanamke mbio, peku, kanga ikimwanguka, na wanawake wengine wawili nyuma yake wakijaribu kumshika. Alikuwa Imelda. Nilikuwa sijamwona kwa miaka minne na nilimtambua kwa kilio, kwa sababu analia kama alivyokuwa akilia utotoni, bila kupumua katikati. Akaufikia ule mzigo mweupe, akautupia mikono. Ndipo akainua uso, akaniona nimekaa kando yake.

Nilichosema, Mungu anisamehe, ni, "Hujambo, mama."

Baadaye nilielezwa. Wa bodaboda alikuwa amefika saa nzima mbele yetu na habari kwamba maiti inaletwa kwa Mama Blandina kutoka Mbinga, mtu mzima, ameugua mgongo miezi mitatu. Imelda alipiga simu yangu, imezima. Akapiga ya mama yake, inaita bila kupokelewa, kwa kuwa mama yake alikuwa akigeuza kahawa na simu iko ndani. Kwa saa nzima binti yangu hakujua ni yupi kati yetu wawili aliyemo kwenye shuka.

Alinishika uso kwa vidole, kama kipofu. Akanipiga kifuani ngumi mbili, si za mchezo. Kisha akaketi chini mchangani na kulia upya, vibaya kuliko mwanzo, nami nikaketi hapohapo na koti langu la ubatizo, nisijue pa kuweka mikono.

Aliyetutoa hapo ni Mama Blandina. Ni mwanamke mnene, mtulivu, mwenye macho ya nesi aliyeona kila kitu. Alikuja akasimama mbele yangu, akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni.

"Karibu, mkwe," akasema. "Umetukatiza. Sisi tulikuwa tumeshaanza kukusamehe."

Ua mzima ukacheka. Na kwa kuwa chakula cha waombolezaji kilikuwa kimeshaiva, watu walikaa wakakila.

Jumamosi, mezani

Namba zilikuwa zimefutika, basi ilibidi nimpange samaki upya kutoka kichwani mwangu, kibarazani, mbele ya watu ambao kila mmoja amekula samaki tangu alipoota meno. Asubuhi nilipata umbo nililokuwa nalo nyumbani. Mama Blandina akaja kutazama. Alisema kichwa ni cha kambale, tumbo ni la magege, wale perege wao, na mkia anamwachia Mungu. Stefano, kijana mpole, alisema labda ni samaki wa bwawani, wa huko juu kwetu. Nilimuuliza kama anatengeneza injini kwa ulimi.

Mwisho nikasalimu amri. Wakaleta mbasa mzima, samaki wa ziwa lao, wakamlaza kwenye sinia kando yangu, nikamfuatisha: mwili mrefu, kichwa kidogo, mkia uliogawanyika kama mkasi. Mbasa ana mkia mrefu kuliko kile kiatu changu, na vipande saba vyangu vilikuwa vimebaki Ngaka ndani ya maharage. Mkia ukakosa ncha.

Mama Blandina aliingia ndani, akakaa huko kitambo, akatoka na kibao cha jiwe cha kuandikia, kile walichotumia wanafunzi zamani kabla ya madaftari. Pembe moja ilikuwa imevunjika. Kilikuwa cha mama yake, alikisomea shule ya misheni. Juu yake bado ilionekana mistari iliyokwaruzwa, iliyonyooka sana.

Nikamwambia siwezi kukikata. Akasema mama yake alichukia kitu kisicho na kazi, na kwamba kimelala sandukuni tangu azikwe. Alikiweka juu ya mninga wangu, akageuka kwenda kuangalia wali. Nilikaa nacho muda mrefu. Kisha nikakikata, taratibu, kwa koleo la vigae, na kila kipande kilikatika sawasawa pale nilipotaka.

Imelda ndiye aliyekoroga saruji nyeupe ya kujazia mianya. Tangu ule mchana wa jana alikuwa ananihudumia vizuri, maji, chai, lakini maneno machache. Sasa alikaa upande wa pili wa meza, tukawa tunajaza, yeye kutoka kichwani mimi kutoka mkiani. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka. Nilikumbuka maneno ya mke wangu.

"Imelda," nikasema, "nilikosea kutokuja harusini."

Hakuinua uso. Alipitisha kidole kwenye mwanya, akaulainisha.

"Nilikuwekea kiti, baba. Mbele, karibu na mama. Watu walikuwa wanakuja kukiomba, nasema kina mwenyewe."

Nikamwambia sina la kujitetea. Akasema anajua. Tukaendelea. Baada ya muda alisukuma mbele yangu kipande kimoja kilichobaki mkononi mwake, akauliza kinakaa wapi, nikamwonyesha, akakiweka.

Jumapili mjukuu wangu alibatizwa. Mimi nilikuwa nimejiandaa kuona mambo mageni. Nikakuta ubani, kengele, mapadri kwenye mavazi kama ya kwetu, na watu wanaita ibada Misa. Nilitafuta tofauti tangu mwanzo hadi baraka ya mwisho. Niliyoipata ni moja: wao wanaimba vizuri zaidi. Msimwambie paroko.

Chakula kililiwa mezani. Mgeni mmoja alisema ni dhambi kuweka sufuria juu ya kazi kama ile. Mama Blandina akaja na sufuria ya wali kutoka motoni, akaitua katikati ya mgongo wa mbasa, akakaa akaanza kupakua.

Kurudi

Nilikuwa nimepanga siku mbili. Nilikaa tisa. Nilitengeneza mlango wa jiko, vitasa viwili, na kitanda cha mtoto ambacho hakuna aliyeniomba. Ikabidi nirudi, maana mke wangu alishaanza kuuliza kama nimehamia Anglikana.

Imelda alinisindikiza kwenye basi la kwenda Mbamba Bay asubuhi, mtoto mgongoni. Alikuwa amenifungia dagaa wa mama yake na kipande cha mbasa aliyebanikwa, na alinirudia mara tatu kwamba dagaa ni wa mama, nisiguse njiani. Nikapanda, nikakaa dirishani. Dereva akawasha gari. Imelda akasogea, akaweka mkono juu ya wangu pale dirishani.

"Baba," akasema, "siku ukifa kweli usitegemee nilie sana. Nimeshakulilia."

Nikamwambia ni haki, na kwamba nitajitahidi nichelewe.